Serikali Iliyokuja na Baiskeli

"Ficheni ndoo, Mmakua amefika!" Ndivyo nilivyopokelewa Newala kwenye arobaini ya Fundi Issa Chilumba, kabla sijavua viatu, kabla sijatoa pole. Uani pote wakacheka, na mama mmoja aliyekuwa akipepeta mchele aliinuka kweli, akachukua ndoo yake na kuiingiza ndani, kama mtu anayemjua mbuzi wa jirani. Sisi Wamakua na wao Wamakonde ni watani, na mtani haruhusiwi kununa msibani. Nikawajibu kwamba nimekuja kuhakikisha kama Fundi amekufa kweli au amekwenda tu kukagua mabomba ya huko mbele, maana sijapata kuona Mmakonde wa Newala akipita penye koki asiiguse. Wakaridhika, wakanipisha kwenye mkeka. Lakini ule utani wa ndoo una umri wa zaidi ya miaka thelathini, na kisa chake ni cha kweli. Kutoka pale nilipokaa nilikuwa nakiona kisima cha saruji cha kuvunia maji ya mvua, na kilichokifunika ni bati lenye rangi ya buluu iliyochujuka. Bati lile nalijua. Lilikuwa bango la Mradi, na mimi ndiye niliyesimamia lilipokuwa likichomekwa barabarani.

Habari za ukoo wangu hazitamsaidia msomaji hapa. Inatosha ajue kwamba natoka Lisekese, kule chini Masasi, ambako maji si habari. Nilipanda Newala mwanzoni mwa miaka ya tisini, enzi za ruksa, nikiwa na shahada ya sayansi ya siasa na suruali mbili. Ajira serikalini zilikuwa zimefungwa. Wafadhili walikuwa wameishauri serikali ipunguze watu, halafu wakaja wenyewe kuwaajiri waliopunguzwa. Mimi sikupunguzwa, kwa kuwa sikuwa nimeongezwa. Nilidakwa moja kwa moja na Mradi wa maji, uliofadhiliwa na nchi moja ya baridi ambayo mvua yake hatukuihitaji bali fedha zake. Cheo changu kilikuwa Afisa Ushirikishwaji. Nilipangishiwa chumba kwa Fundi Chilumba, fundi wa maji wa wilaya, na siku ya kwanza mkewe, Mama Somoe, aliniwekea ndoo nyuma ya nyumba akasema, "Maji hayo, mwanangu." Nikaoga. Nikaoga kama mtu wa Masasi anavyooga, huku naimba, mpaka ndoo ikalia chini. Nilipotoka, nyumba nzima ilikuwa imesimama inanitazama. Kumbe yale yalikuwa maji ya siku nzima, ya kunywa, ya kusongea ugali na ya udhu wa mwenye nyumba. Mgeni alitakiwa achote vikombe viwili, akizidi sana vitatu, na ndoo airudishe. Jioni ile Fundi alitayamamu kwa vumbi, na kwa mwezi mzima kila aliyepita barazani aliuliza kama mgeni ameshakauka.

Nyumba ile ilikuwa na adabu yake, na adabu hiyo ilipimwa kwa kikombe. Asubuhi tulikunywa chai ya rangi na ming'oko ya kuchemsha, mizizi ile mirefu ya porini ambayo unaimenya kwa meno huku unazungumza; jioni ugali wa muhogo na mbaazi, au kisamvu. Mwisho wa chakula Mama Somoe alimpa kila mmoja maji ya kunywa, nusu kikombe. Aliyetaka zaidi aliomba, na hakuna aliyeomba. Sebuleni palikuwa na viti viwili vya mninga, redio iliyovikwa kitambaa, na juu ya kabati kipande cha bomba la plastiki kilichozibwa matambara pande zote mbili. Ndani ya bomba lile mlikuwa na ramani. Fundi aliichora mwenyewe kwa miaka mingi nyuma ya mabango ya zamani ya kisomo cha watu wazima, yaliyoshonwa pamoja kwa uzi wa magunia. Ilionyesha kila bomba lililofukiwa kati ya chanzo cha bondeni na vijiji vya juu, na kila koki ya kugawia maji. Serikali haikuwa na nakala nyingine.

Ofisi za maji mwaka ule zilikuwa mbili, zikitazamana. Upande huu ilikuwa ya wilaya: karakana yenye mlango wa bati, benchi moja, na baiskeli ya Fundi. Upande ule ilikuwa yetu, yenye geti la buluu, jenereta, feni, magari matatu meupe, na biskuti za saa nne ambazo, nakiri, zilichangia sana mtazamo wangu kuhusu maendeleo. Wenzake Fundi wote walikuwa wamevuka barabara, mmoja baada ya mwingine. Mpaka mhudumu wa karakana alivuka na birika. Viongozi walioitembelea wilaya walisimama kwetu kwanza. Chuo kikuu nilikuwa nimeandika kurasa nyingi kuhusu dola inavyozaliwa, lakini sikuwahi kuambiwa kwamba inaweza kuhama, tena kwa miguu, hatua thelathini, ikifuata feni.

Nilianza kuelewa siku alipokuja mzee mmoja amevaa kanzu, akavua kofia mbele ya meza yangu. Jirani yake alikuwa amesogeza mpaka kwenye mikorosho. "Nimekuja serikalini," akasema. Nikamwambia serikali iko kule ng'ambo, sisi ni maji. "Kule nimepita, baba. Mtendaji wa kijiji hana hata karatasi ya kumwitia mtu. Nyie mnayo." Karatasi tulikuwa nayo kweli, nzito, yenye nembo juu. Nikaipachika kwenye taipureta, nikamwandikia jirani yake afike, nikagonga muhuri. Jirani akafika kesho yake, kofia mkononi. Nikawasikiliza kwa uso mzito niliouiga kwa mhadhiri mmoja, nikaamua mpaka urudi ulipokuwa, wakashikana mikono. Nilirudi nyumbani natembea kama mtu aliyeanzisha nchi.

"Nasikia leo umekuwa hakimu," Fundi akasema, akimega ugali.

"Nimesaidia tu, mzee. Wamepatana."

"Na mtendaji umemsaidia nini? Kesho akiita mkutano nani atakwenda? Watasema, huyu hana hata karatasi, twende kwa Mmakua."

Nikamwambia, kwa lugha ya mtu mwenye shahada, kwamba serikali yenyewe imeshindwa.

"Haijashindwa," akasema. "Ina njaa. Mtu mwenye njaa unampa chakula yeye. Humpi jirani amtafunie."

Mama Somoe akacheka mpaka akaweka bakuli chini. "Mwacheni mgeni ale," akasema. "Akikasirika ataoga tena."

Mratibu wetu alikuwa mtu wa Dar es Salaam, mwerevu, mchapakazi, mwenye tai hata wakati wa jua kali. Simlaumu kwa yote. Alitakiwa kuonyesha mabomba mapya kabla ugeni wa wafadhili haujafika, na bila ramani hakujua pa kuyaunganisha. Alimwendea Fundi mara mbili. Mara ya kwanza alimwahidi pikipiki. Mara ya pili alimwahidi cheo. Fundi alimjibu yale yale: "Ramani si yangu, bwana. Ni ya serikali. Andika barua kwa mhandisi wa wilaya, uombe. Akiniandikia, naileta hata leo." Barua ilikuwa ukurasa mmoja. Lakini Mradi haukuwa na desturi ya kuomba serikalini, uliarifu. Mratibu alirudi ofisini, akaniita, akafunga mlango. "Wewe unalala mule," akasema. "Nakili tu. Hatuibi, tunanakili."

Nilichagua Ijumaa mchana, Fundi akiwa msikitini na Mama Somoe ameteremka bondeni kuchota maji. Nikatoa matambara, nikaitandaza ramani juu ya meza, nikawekea vikombe kwenye pembe, na juu yake karatasi laini ya Mradi inayoonyesha upande wa pili. Nilikuwa nakaribia kumaliza mlango ulipofunguka. Mama Somoe alisimama na ndoo kichwani, magoti yake yamejaa vumbi la kilima cha kupandia kutoka bondeni. Aliitazama meza. Alinitazama mimi. Akatua ndoo taratibu, akachukua kikombe kimojawapo kwenye pembe ya ramani, akakichovya, akakileta kimejaa mpaka maji yakanimwagikia vidoleni. "Kunywa," akasema. "Umetoa jasho." Nilikunywa chote. Katika maisha yangu nimekaripiwa na maprofesa, na wahariri, na wakwe. Hakuna aliyenikaripia kama kikombe kile.

Lakini kunywa si kutubu, na jioni ile nakala ilikuwa mezani kwa Mratibu. Aliikunjua kwa furaha, na furaha ikamtoka polepole. Koki hazikuwa na namba. Pembeni ya kila alama palikuwa na jina la mwanamke. Kwa Nantumbo. Hatua mia na ishirini kutoka kwa Nantumbo, kwa Binti Makolela. "Hawa ni akina nani?" akauliza. Nami sikujua. Akanipa gari na vijana wanne wenye sururu, nikamtafute huyo Nantumbo, ambaye koki yake ilikuwa kubwa kuliko zote.

"Nantumbo alikufa," wakaniambia kijijini. Nikauliza basi koki yake inashikwa na nani. "Na Nantumbo," wakasema. Nilidhani ni utani. Baadaye ndipo nilipoelewa kitu ambacho mtoto yeyote wa kule angenieleza, na ambacho hata kwetu Lisekese tunacho, ila mimi nilikuwa nimekisahau shuleni: mwanamke akifa, jina lake halizikwi. Analirithi binti wa dada yake au mwanawe, pamoja na heshima yake na kazi zake. Fundi alilitegemea hilo. Kila koki aliikabidhi kwa mwanamke mmoja, ufunguo ukafungwa kwenye pindo la khanga, na jina likaandikwa kwenye ramani. Mwenye jina akifa, mwenye jina yupo. Ramani ile haikuchakaa kamwe. Ila ilisomeka kwa mtu anayesalimia watu tu.

Nantumbo wa wakati ule alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini. Alikuja kutoka shambani na jembe begani, akakaa juu ya mfuniko wa chuma wa sanduku la koki, akakunja mikono.

"Nimetumwa na Mradi," nikasema.

"Mradi ni mtoto wa nani?"

Vijana wa sururu wakageuza nyuso wacheke vizuri. Nikamweleza kwamba Mradi unaleta maji, kwamba ni maendeleo, kwamba ni kwa faida yake.

"Koki hii nimeachiwa na mama mdogo," akasema. "Naye alipewa na serikali. Serikali nikiiona naijua, inakuja na baiskeli."

Kesho yake Mratibu alikuja mwenyewe. Nantumbo akakaa palepale. Mratibu akaamuru tuchimbe kando ya sanduku tufuate bomba, na sururu ya pili au ya tatu ikatoboa bomba kuu. Maji yaliruka juu kuliko mikorosho. Sijui kama umewahi kuona watu wasio na maji wakiyaona yanamwagika. Kwanza walipiga vigelegele, wakaja mbio na sufuria, mabakuli, makopo ya rangi. Halafu bibi mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Hayo ya wiki nzima," na vigelegele vikakatika. Wakasimama wanatazama ardhi inavyokunywa. Mratibu, tai imelowa, akamwambia Nantumbo afungue sanduku tufunge koki. "Nimeshamwita mwenyewe," akajibu.

Fundi alitokea kwenye njia ya mchanga akiisukuma baiskeli, spana kubwa imefungwa nyuma kwa mpira. Hakutuangalia. Aliegemeza baiskeli, akavua viatu, akaenda mpaka kwa Nantumbo, mwanamke aliyeweza kuwa binti yake, akainama kidogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wa nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, bibi. Shamba?"

"Shamba lipo. Maji ndiyo hayo unayoyaona."

"Nayaona."

Yote hayo huku bomba likitema. Mratibu alikaribia kulia. Nami siku ile nilikuwa upande wa Mratibu, niliona ni upuuzi wa kishamba. Leo najua kwamba salamu ile ilikuwa ndiyo ofisi yenyewe, meza na faili na saini. Jina la marehemu lilipokwisha kuamkiwa, Nantumbo akafungua pindo, akatoa ufunguo, akasogea. Fundi akaingia shimoni. Maji yakapungua, yakawa kamba, yakawa uzi, yakakoma. Kufikia alasiri ya siku iliyofuata alikuwa ameunga bomba kwa vipande vya karakana yake, peke yake na Nantumbo akimshikia. Mratibu akamletea karatasi ya posho asaini kama mfanyakazi wa Mradi. Fundi alijifuta mikono kwa majani. "Mie niko kazini," akasema. "Kazi yangu ina mwajiri."

Ripoti ilikuwa juu yangu. Mratibu aliniambia niandike kwamba hitilafu ilitengenezwa na Mradi kwa ushirikishwaji wa jamii. Nikaandika kwamba hitilafu ilisababishwa na Mradi na kutengenezwa na Issa Chilumba, fundi wa serikali. Akaifuta kwa kalamu nyekundu. Nikaipiga upya vilevile. Akaifuta. Nikaipiga tena.

"Wafadhili hawataelewa hii," akasema.

"Wataelewa, bwana."

"Ndiyo tatizo," akasema, na kwa mara ya kwanza nilimwona amechoka. "Wewe unadhani mie sina mtu wa kunifuta?"

Ningependa kusema nilijiuzulu. Sikujiuzulu. Niliendelea kula biskuti mpaka mkataba ulipokwisha, nao haukuongezwa. Nilichofanya, kwa kuchelewa, ni kuiiba nakala yangu mwenyewe kutoka droo ya Mratibu na kumpelekea Fundi barazani. Alikuwa anajua. "Uliirudisha ramani kichwa chini," akasema. Nikamsogezea ile karatasi. Hakuipokea.

"Kaa nayo. Hii yangu mchwa wataila siku moja. Siku serikali ikiihitaji, irudishe."

"Nirudishe kwako?"

"Mie ni serikali? Mie ni Chilumba. Irudishe serikalini."

Mradi uliondoka kama ulivyokuja, kwa hotuba. Vibao vya namba walivyobandika kwenye koki vilifanywa vijiko vya kuchotea mbolea. Magari yaliondoka, feni zikaondoka, na wale waliovuka barabara hawakuwa na pa kurudi, kwa sababu karakana ilikuwa imezoea kuwa na mtu mmoja. Nimesoma mengi tangu hapo kuhusu misaada na mataifa machanga, na mengine nimeandika, kwa malipo mazuri, mara nyingine kwa wafadhili walewale. Sisemi misaada ni sumu. Nimekunywa maji yake. Nasema tu kwamba mwaka ule niliona mikono mingi yenye nia njema ikijenga ofisi nzuri kwa kuchukua matofali ya ofisi ya jirani, na kisha kuandika kwamba jirani ana nyumba yenye matundu. Anayetaka kunibishia aje tukae kwenye kile kisima, juu ya lile bango. Mama Somoe anasema limezuia majani na vyura miaka yote hii. Ndiyo kazi ya Mradi iliyodumu.

Mchwa walikula kweli. Mama Somoe alinionyesha, baada ya kisomo, lile bomba la plastiki. Tulipolitikisa ukatoka unga. Tulikuwa bado tunautazama alipofika kijana mtanashati mwenye kishikwambi mkononi, fulana yake ina nembo. Siku hizi hawaitwi wafadhili, wanaitwa wadau. Mradi mpya, mabomba mapya, na tatizo lilelile: hawajui ya zamani yalipo. Aliniamkia vizuri, akanivuta kando.

"Mzee, nasikia una nakala ya ramani. Nipige picha tu. Dakika mbili."

Nilikuwa nayo kwenye mkoba. Nilikuwa nimepanda nayo kutoka Masasi, kama nilivyopanda nayo kila mara, na kila mara nikashuka nayo, nikijiambia kwamba serikali bado haijaihitaji. Ukweli ni kwamba niliona aibu kuingia mlango ule wa ofisi ya maji ya wilaya.

"Iombe ofisi ya maji ya wilaya," nikasema. "Kwa barua."

"Wao hawana, mzee. Ndiyo maana nakuja kwako."

"Kesho watakuwa nayo."

Mama Somoe, amekaa chini na unga wa mchwa kiganjani, hakuinua uso. "Mmakua ameshakauka," akasema.

Kesho yake saa mbili nilikuwa mlangoni. Mhandisi wa wilaya alikuwa mwanamke kijana, miwani imepandishwa kichwani, mafaili yamemzunguka. Nikaitandaza ramani. Akaitazama muda mrefu, kidole kikitembea juu ya majina, na kilipofika kwa Nantumbo kikasimama. "Huyu namfahamu," akasema. "Ndiye mwenye ufunguo." Sikumwuliza kama ni yuleyule. Halafu akaniuliza natoka mradi gani.

"Sitoki mradi wowote."

"Basi andika barua ya makabidhiano. Mistari mitatu inatosha. Halafu ungoje pale, mwenye muhuri ametoka kidogo."

Nikaandika. Mimi ambaye nimeishi kwa kuandika niliichana mara mbili ile mistari mitatu. Kisha nikakaa kwenye benchi, gumu, lilelile au ndugu yake, nikangoja saa moja, nikangoja ya pili. Mwenye muhuri hakuonekana, nami sikuondoka. Mhudumu akapita akiwapa watu maji ya kunywa. Alinipimia nusu kikombe. Nikayanywa polepole, sikuomba zaidi.